Mhusika wako akigoma kukusikiliza: maswali ninayoulizwa kila mara

Mbukwenyi jamani. Nimekaa nikayaandika haya maswali sehemu moja maana kila Jumamosi tukikutana kikundi chetu cha kuandika hapa Dodoma lazima atokee mgeni aulize lile lile, na mi sichoki kujibu ila jibu la kusimama mlangoni huku watu wanawahi daladala halimtoshi mtu. Wengi wetu tunaandika usiku baada ya kazi, wengine kwenye simu tu, na hili jambo la mhusika kugoma likimkuta mtu peke yake saa sita usiku linaweza kumtisha mpaka akaacha kuandika kabisa. Nimeshawaona walioacha. Ndo maana nimeandika kwa urefu.

Mwalimu, hivi ni kweli mhusika anaweza kumgomea mwandishi?

Ni kweli, yamenikuta. Nilikua naandika riwaya ya mama mjane wa Mvumi, nimempa jina Sechelela, ana shamba la zabibu eka mbili aliloachiwa na marehemu mumewe. Mpango ulikua wazi toka siku ya kwanza: sura ya tisa anamuuzia shamba shemeji yake, anapanda basi la alfajiri anaenda Dar kuanza maisha upya, na nusu ya pili ya kitabu yote iko Dar, nimeshaichora kwenye daftari mpaka mtaa atakaopanga chumba. Basi nikamfikisha stendi kuu pale Nzuguni na begi lake, gari linaunguruma, konda anaita, na Sechelela akakaa juu ya begi. Akanunua karanga za mia tano. Gari likaondoka.

Sasa naandika mi, vidole ni vyangu, ila hizo karanga sikuzipanga wala kule kukaa sikukupanga. Nikafuta nikaandika upya, mara nne, na kila nikimpandisha ndani ya basi sentensi zinakua kama barua ya ofisini, hazina damu hata kidogo. Wiki tatu nilihangaika nae. Ntarudi kwake huko chini maana sababu ya kugoma kwake niliijua baadae sana na imenifundisha kuliko kitu chochote kingine.

Ni mimi peke yangu au na wengine yanawatokea?

Na wengine, wengi tu. Mwaka 2003 mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Marjorie Taylor na wenzake walichapisha utafiti wao, walikua wamewahoji waandishi 50 wa hadithi za kubuni, na asilimia 92 walisema wameshapitia hali ya namna hii kwa kiasi fulani. Taylor alikua anasoma mambo ya watoto wenye marafiki wa kufikirika, yule mtoto anaekuambia mwachie nafasi mwenzangu akae, ndo akaona kinachowapata waandishi kinafanana na kile. Kitu kilichonigusa zaidi ni kwamba wale waliokua wameshachapisha kazi zao ndo walikua na maelezo mengi na ya kina kuliko wanaoanza. Kwaiyo wewe unaejiona mgeni afu mhusika ameanza kukubishia, usidhani umekosea njia.

Afu 2020 wakatoka watafiti wa chuo kikuu cha Durham kule Uingereza na majibu ya waandishi 181 waliokua wamehudhuria tamasha la vitabu la Edinburgh. Asilimia 63 walisema wanazisikia sauti za wahusika wao, asilimia 61 wakasema wahusika wanaweza kufanya mambo kwa hiari yao wenyewe. Sio wote, umeona? Karibu wanne katika kumi hawapati hiyo hali na bado ni waandishi.

Sasa kama nasikia sauti, nina jini au naumwa?

Hili huwa naulizwa kwa sauti ya chini, mtu ananivuta pembeni. Hapa Dodoma ukisema tu unasikia sauti watu wanaangua kicheko wanasema huyu apelekwe Mirembe, na mi utani huo siupendi kabisa, Mirembe ni hospitali, watu wanaenda kutibiwa ugonjwa kama magonjwa mengine na wapo wanaopona wakarudi makazini kwao.

Tofauti ninayoiona mi ni hii. Mwandishi anajua yule ni mhusika wake. Akifunga daftari akaenda kupika mlenda, mhusika anaweza kuendelea kuongea kidogo, ila haamuru kitu, hamtishi, hamnyimi usingizi wiki nzima, na ukimuuliza mwandishi huyu Sechelela yupo kweli atakuambia hapana. Ila kama sauti inakuja hata huandiki chochote, inakutukana, inakuambia ujidhuru au umdhuru mtu, au umeanza kushindwa kujua kipi cha kweli kipi umetunga, hapo usikae unasubiri iishe yenyewe na usidanganywe kwamba ndo kipaji. Mwambie mtu wa nyumbani unaemwamini muende hospitali. Kitabu kitakusubiri.

Mambo ya majini siwezi kukusemea imani yako, mi nazungumzia uandishi.

Kwa nini inatokea sasa?

Watafiti wana maelezo yao na mojawapo naona linaingia akilini, ni lile la mazoea. Dereva wa lori anaetoka Dar kuja Dodoma miaka kumi, mkono unabadilisha gia wenyewe wakati yeye anaongea na tingo habari za mpira, akifika Gairo hakumbuki hata alivyopita Morogoro. Kazi imefanyika, kaifanya yeye, ila hajajiona akiifanya. Na kuwaza watu ni kazi tunayoifanya toka utotoni. Mama yako unajua atasema nini ukirudi saa nne usiku, unaisikia mpaka ile sauti yake kabla hujafika getini, hukukaa chini ukaitunga. Sasa ukiishi na mhusika miezi minane, akili inamzoea vilevile, inaanza kukuletea jibu lake bila wewe kusikia jibu likitengenezwa. Lazima uone kama limetoka kwake.

Hapo ndo narudi kwa Sechelela. Wiki ya nne nilichoka nikaanza kusoma toka mwanzo, na sura ya pili nikakuta sentensi moja niliyoandika bila kuiwazia, kwamba wiki ile alikua amemaliza kupogoa zabibu, mikono ina michubuko. Nikaacha kusoma, nikakaa kimya. Wenzangu wa mikoa mingine labda haiwaambii kitu hiyo, ila sisi wa huku tunajua, zabibu ya Dodoma inavunwa mara mbili kwa mwaka na mtu akishapogoa anaanza kuhesabu miezi ya mavuno, ametoa jasho na hela ya vibarua na ya dawa, huwezi kumuona kapogoa mwezi huu mwezi ujao kamuachia mtu shamba. Mi nilishasahau. Akili yangu haikusahau, au tuseme Sechelela hakusahau, vyote naona ni kitu kimoja. Mpango wangu wa sura ya tisa ulikua unamdanganya mwanamke ambae nilishamwandika mwenyewe.

Kuna waandishi wasiokubaliana na haya?

Wapo tena wakubwa. Nabokov, yule Mrusi aliekuja kuandika kwa Kiingereza, alipoulizwa kwenye mahojiano miaka ya 1960 alijibu kwamba wahusika wake ni kama wale watumwa waliofungwa kwenye merikebu wapige makasia. Yani wanapiga anavyotaka yeye. Na aliandika vizuri mno, kwaiyo usiruhusu mtu akuambie kwamba mhusika asipokugomea basi huna kipaji. Kuna dada kwenye kikundi chetu anapanga kila kitu kwenye kadi, sura kwa sura, hajawahi kugomewa hata siku moja, na hadithi zake mi nazisoma mpaka mwisho kwa pumzi moja.

Hii si ni mambo ya Wazungu? Wazee wetu walikua na hiki kitu?

Wewe ulipokua mdogo bibi akisema hadithi, hadithi, mlijibu nini? Hadithi njoo. Hamkusema bibi tutungie. Hadithi inaitwa ije, kama kitu kilichopo mahali chenye miguu yake. Nimelifikiria sana hilo neno.

Afu angalia Fisi. Bibi yangu mwenyewe alikua anabadilisha ngano anavyotaka, leo Sungura anaiba maji leo anaiba karanga, lakini siku moja binamu yangu aliomba Fisi agawe nyama kwa wenzake na bibi akasema haiwezekani mwanangu, huyo hatakua Fisi. Msimulizi ana uhuru wote na bado Fisi anamwekea mpaka. Huko kugoma kwa mhusika kupo siku zote, hatukukipa jina tu.

Na kuna kisa cha majirani zetu Kenya ambacho huwa nakisimulia kila mwaka. Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa riwaya ya Kigikuyu mwaka 1986, Matigari, mhusika mkuu anaitwa Matigari na anazunguka nchi nzima akiuliza ukweli na haki vinapatikana wapi. Watu wakawa wanasomeana, wanamzungumzia vijijini, mpaka 1987 wakubwa serikalini wakasikia kuna mtu anaitwa Matigari anazunguka anauliza maswali, ikatoka amri akamatwe. Polisi wakaenda kutafuta wakagundua ni mtu wa kwenye kitabu. Basi kikakamatwa kitabu, wakakikusanya madukani. Mwandishi wakati huo hata nchini hayupo, yuko uhamishoni. Sa wewe niambie hapo nani alikua na usukani wa Matigari.

Mahali ninapoandikia panahusika?

Mi naona panahusika sana. Alice Walker, yule mama wa Marekani, ameeleza kwamba alipoanza kuwaza riwaya yake iliyotoka 1982 alikua anaishi New York na wahusika wake hawakuupenda ule mji, yale majengo marefu yaliwachosha, wao walikua watu wa vijijini Georgia. Akahama. Akaenda San Francisco, nako wakalalamika, mpaka alipopata sehemu ya mashambani kaskazini mwa California iliyofanana na kwao ndo wakaanza kuongea.

Nilipokisoma hicho nilishtuka, kwa sababu na mi nilijaribu kumwandika Sechelela nikiwa Dar kwa dada yangu, likizo nzima, nimekaa na feni na juisi ya ukwaju na hakusema neno. Nimerudi huku Agosti, upepo na vumbi, mibuyu haina jani hata moja, siku ya pili tu akaanza kumlalamikia shemeji yake. Siwezi kukuambia uhame, nauli yenyewe unaijua. Ila kama mhusika ni wa Kongwa na wewe uko ghorofani mjini, nenda Kongwa hata siku moja, kaa mnadani, sikiliza watu wanavyopatana bei ya mbuzi.

Kwaiyo kila akigoma nimsikilize?

Hapana, na hapa naomba usome taratibu maana ndo panapowapoteza watu. Kuna kugoma kwa aina nyingi. Kuna kugoma kwa mhusika kama kule kwa Sechelela, ambako ukirudi nyuma unakuta umeandika kitu kinachompa haki. Kuna kugoma kwako wewe, umechoka, au tukio lijalo linakuuma kuliandika kwa sababu linafanana na jambo la kwenu, afu unasingizia mhusika. Na kuna uvivu, mhusika anataka kukaa anapiga stori na rafiki yake kurasa ishirini kwa sababu mazungumzo ni rahisi kuandika, hapo sijui tuite kugoma, huko ni kuzurura.

Namna ninavyopima mi, kwanza namwachia. Naandika tukio lile anavyotaka yeye, mpaka mwisho wake, bila kufuta, kwenye faili lingine. Siku mbili silisomi. Siku ya tatu nalisoma na lile la mpango wangu, kwa sauti, ikiwezekana mbele ya mtu, na masikio huwa yanajua. Afu narudi nyuma natafuta ile sentensi. Kama mhusika yuko sahihi lazima kuna mahali nilishaandika kitu kinachomsemea, neno, kidonda, deni, kiatu. Nisipokipata popote basi ama anazurura ama naongeza sasa hivi kile kitu sura ya pili, ila nakiongeza nikijua nimeongeza.

Na ukimfuata, lipa gharama. Mi nilitupa kurasa za Dar zote, karibu themanini. Iliniuma, sitaki kusema haikuniuma.

Mhusika mdogo amekula stori yote, nifanyeje?

Konda wa sura ya tisa aliniletea hiyo. Alitakiwa aite abiria basi, akaanza kueleza habari za mama yake. Mwandikie hadithi fupi yake pembeni, mara nyingi anatulia. Asipotulia jiulize kama yeye ndo steringi na hukujua.

Nimemuua mhusika, wasomaji wamekasirika, nimrudishe?

Wewe unaerusha hadithi kwenye simu sehemu kwa sehemu ndo unaulizwa hivi. Jua hujaanza wewe. Conan Doyle alimtupa Sherlock Holmes kwenye maporomoko ya Reichenbach kule Uswisi mwaka 1893, alikua amemchoka, anataka kuandika riwaya za historia alizoziona za maana zaidi. Watu wakamlilia miaka. 1901 akaanza kutoa hadithi nyingine ya Holmes ila akaiweka kabla ya kifo, na 1903 akasalimu amri kabisa, akaeleza kwamba hakufa. Hapo aliegoma hakua mhusika, walikua wasomaji, na ni nguvu nyingine tofauti. Ushauri wangu, kifo kama kilikua cha haki kiache, maana wanaolia leo ndo wale wale watakaokudharau kesho ukimfufua bila sababu.

Mhusika wangu anaongea mambo mabaya, mama amesoma amesikitika. Nikimwambia "yeye ndo kasema" ni sawa?

Mama yako mwambie ukweli, kwamba umeandika mtu mbaya na mtu mbaya huongea hivyo. Ila hilo la "yeye ndo kasema" mi silikubali. Jina juu ya jalada ni lako. Mhusika anaweza kuleta neno, anaeliacha likae ni wewe, una kidole cha kufutia. Nakuambia kwa ukali kidogo kwa sababu nimeshaona mtu anamtukana jirani yake waziwazi ndani ya hadithi, anamchoma kabila lake, akiulizwa anasema mhusika alikua na akili zake. Hapana ndugu yangu. Uhuru wa mhusika unaishia hapo.

Kuna waandishi walioliandika jambo lenyewe kama hadithi?

Wapo wawili ninaowapenda mno. Miguel de Unamuno wa Uhispania, 1914, ana riwaya ambayo mhusika wake Augusto, ameachwa na mchumba anataka kujiua, anafunga safari mpaka Salamanca nyumbani kwa mwandishi mwenyewe kumuomba ushauri. Unamuno anamwambia huwezi kujiua kwa sababu hupo, mi nimekutunga. Augusto anabisha. Anamwambia pengine wewe ndo haupo, pengine wewe ni kisingizio tu cha hadithi yangu kuifikia dunia. Na Unamuno akikasirika akamwambia basi utakufa, yule kijana anamjibu na wewe utakufa, na wote watakaonisoma watakufa. Nilikisoma hicho usiku wa umeme umekatika, kwa tochi ya simu, nikashindwa kulala.

Wa pili ni Pirandello wa Italia, tamthilia yake ya 1921, watu sita wanaingia kwenye mazoezi ya kikundi cha maigizo wanasema sisi ni wahusika, mwandishi wetu alituacha njiani, tunaomba atumalizie. Usiku wa kwanza Roma ukumbi uliwaka moto kwa kelele, wengine wanapiga kelele kwamba hii ni nyumba ya vichaa. Mi kinachoniumiza pale ni hao sita, walivyokua wanataka kuonekana. Kila nikifungua droo nikaona hadithi nilizoziacha katikati nawakumbuka.

Wangu hagomi wala haongei, yuko kimya tu.

Mpeleke soko la Majengo. Simaanishi kwenye kitabu, nenda wewe kwa miguu yako ukiwa umembeba kichwani, umuulize angenunua nyanya za nani, angeomba apunguziwe au angeona aibu, chenji ikizidi angerudisha. Akijibu matatu tu ameshaamka.

Na mhusika niliyemtoa kwa mtu wa kweli?

Huyo atakugomea kila siku, kwa sababu unamjua zaidi ya unavyothubutu kuandika. Mbadilishe kazi, umri na kijiji. Na muombe ruhusa kama yu hai.

Mwalimu, Sechelela aliishia wapi?

Yupo shambani. Niko sura ya kumi na nne, mavuno yameiva, shemeji amekuja na mzee wa ukoo na karatasi anayodai marehemu aliisaini. Sechelela amewakaribisha, amewapa viti chini ya mti, akawaletea maji. Afu ameingia ndani. Nimeandika mlango umefungwa na jana usiku nilikaa hapo mpaka saa nane, nawasikia wale wawili nje wanakohoa wanamsubiri, na mi nawasubirisha nao.